Mgongo wa Mwingine

Wahenga walituachia methali ngumu: punda afe, mzigo ufike. Wengi huitumia kwa nia njema, kumtia moyo mwanafunzi asiache masomo au mfanyakazi asikate tamaa. Anayeisema hujiweka mahali pa punda, kana kwamba anasema, nitaumia lakini nitafika. Lakini ukiisikiliza vizuri utagundua kwamba punda hajasema neno. Anayesema ni mwenye mzigo. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: mtu anayeweka mzigo juu ya mgongo usio wake, anadaiwa nini na mgongo huo? Nitalijibu kupitia kitu kidogo ambacho wengi wetu hapa Dzaleka hatujawahi kukishika, yaani mto unaowekwa chini ya tandiko la farasi.

Habari za mto huo nilizipata kwa binamu yangu. Familia yao ilihamishiwa Marekani kutoka hapa kambini, naye akapata kazi katika shamba la ng'ombe na farasi katika jimbo la Idaho. Siku za masomo ninakaa kwa shangazi Area 23, Lilongwe, na Jumapili jioni tunasikiliza pamoja sauti anazotutumia kwa simu. Anasema kwamba huko hutumia tandiko la wachunga ng'ombe, lile tunaloliona kwenye filamu, lenye pembe mbele ya kufungia kamba. Ni tandiko zito, limejengwa juu ya kiunzi kigumu na kufunikwa ngozi. Kiunzi hicho hakipindi kufuata mgongo wa mnyama. Ndiyo maana kati yake na farasi huwekwa mto mnene, mara nyingi wa sufu iliyoshindiliwa, unene wa sentimita 2 hivi au zaidi kidogo. Kazi yake ni kunyonya jasho, kupunguza mtikisiko na kutawanya uzito usikae mahali pamoja.

Kuchagua mto mzuri kuna mambo yake. Kwanza, ufuate umbo la mgongo. Juu ya mabega ya farasi kuna mfupa ulioinuka. Mto unatakiwa kuinuka hapo pia, na mtandikaji huuvuta juu kidogo uingie kwenye uwazi wa tandiko ili hewa ipite na mfupa usibanwe. Pili, uwe mpana kuliko tandiko kwa sentimita 2 au 3 kila upande, ili ukingo wa tandiko usikate ngozi. Tatu, sufu ni bora kuliko sponji nyingi za plastiki, kwa sababu inanyonya jasho wakati plastiki inafungia joto. Nne, uwe safi, maana mwiba mmoja wa nyasi au jasho lililokauka likawa gumu linatosha kumchubua mnyama. La tano ndilo kubwa kuliko yote: mto mnene hautibu tandiko lisilomwenea farasi. Kiatu kikikubana, kuvaa soksi mbili ni kukibana zaidi.

Lililonigusa zaidi ni namna ya kujua kama umechagua vizuri. Farasi hasemi. Kwa hiyo baada ya kazi unavua tandiko na kusoma jasho mgongoni. Likiwa limeenea sawasawa, ni dalili njema. Ukiona doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa, huenda hapo pamebanwa mno. Nywele nyeupe zilizoota mahali palipokuwa na rangi ni kumbukumbu ya kidonda cha zamani. Farasi anayelaza masikio au kugeuka kuuma unapomfunga mkanda wa tumbo pengine si mkorofi, anatoa taarifa. Sisi tunasema shukrani ya punda ni mateke. Inawezekana teke hilo lilikuwa ndiyo lugha pekee aliyobaki nayo.

Sasa linganisha mto huo na ngata. Kila mtu hapa kambini anaijua: kitenge kikuukuu kilichosokotwa duara, kikawekwa kichwani chini ya ndoo. Wamalawi huiita nkhata, Wanyarwanda na Warundi huiita ingata. Ni neno moja lililotembea nchi nyingi kama sisi wenyewe. Hakuna anayeandika kitabu cha kufundisha kuchagua ngata. Anayeisokota ndiye atakayeibeba. Ikikaa vibaya, shingo inamwambia kabla hajafika hatua kumi, naye anashusha ndoo na kuisokota upya. Ngata haihitaji maadili, kwa kuwa maumivu yenyewe yanatosha kuisahihisha. Mto wa farasi ni ngata iliyochaguliwa na mtu mwingine. Kati ya anayechagua na anayeumia pana pengo, na maadili yanaanzia kwenye pengo hilo.

Tazama pia kabaza, zile baiskeli za abiria zinazojaa Area 23. Nyingi zina kiti cha nyuma chenye sponji nzuri, pengine kimeshonewa na kitambaa cha rangi. Mwenye baiskeli anaweza kuwa mtu wa huruma, lakini hata asingekuwa nayo kiti kingekuwa laini, kwa sababu abiria akiumia leo, kesho atapanda ya mwenzake. Abiria ana pesa za kuchagulia na miguu ya kuondokea. Farasi hana kimojawapo. Soko linamtetea abiria. Farasi hatetewi na chochote isipokuwa dhamiri ya aliyeshika hatamu.

Katika falsafa kuna majibu mawili yanayojulikana kuhusu jambo hili. Kant alifundisha kwamba hatudaiwi na wanyama wenyewe, ila mtu anayezoea kuwatesa wanyama huufanya moyo wake mgumu, na mwishowe atawatesa watu. Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliona kwamba kinachotakiwa kuulizwa ni kama mnyama anaweza kuumia, wala si kama ana akili au anaweza kuzungumza. Mimi namfuata Bentham, lakini naongeza jambo moja. Kuumia kunaeleza kwa nini mgongo una haki. Hakuelezi ni nani anayedaiwa. Farasi wa Idaho ni wengi, nami sijawabebesha kitu. Anayedaiwa ni yule aliyeinua tandiko akaliweka. Deni linazaliwa pale mzigo unapopanda.

Najua msomaji wa hapa kambini atanipinga mara moja. Mto mzuri wa sufu unaweza kuuzwa dola 100 hata 300, na kuna majirani zetu wanaolala juu ya mkeka kwenye sakafu ya udongo. Si aibu kuandika juu ya godoro la farasi wakati mtoto hana godoro? Hoja hii ina uzito, na sitaki kuikwepa. Nina majibu mawili. La kwanza, wema wa mto hauko kwenye bei. Blanketi safi la sufu lililokunjwa vizuri chini ya tandiko linaloenea ni bora kuliko mto wa dola 300 chini ya tandiko linalobana. Kuna wanaochagua mto kwa rangi, ili ufanane na viatu vyao. Hao wamelipa pesa nyingi na mgongo haujapata kitu. Kinachotakiwa hasa ni kuangalia, na kuangalia hakuuzwi. La pili, kumjali farasi hakupunguzi chakula cha mtoto. Anayempora mtoto si yule aliyezoea kutazama mgongo baada ya kazi. Kwa kawaida ni yule aliyezoea kutotazama.

Tena historia yetu inatukataza kusema kwamba hili ni jambo la wanyama tu. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mgongo uliobeba ulikuwa wa binadamu. Katika karne ya 19 wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, majeshi ya wakoloni yalikusanya wabebaji kwa mamia ya maelfu. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wabebaji hao. Hapa Malawi waliitwa tengatenga. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kila mmoja wao alijua kusokota ngata. Lakini ngata ilikuwa yao na mzigo ulikuwa wa mwingine, na mwenye mzigo aliishi kwa ile methali: mzigo ulifika.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ninaloliona gumu zaidi. Mto mzuri ni wajibu, lakini unaweza pia kuwa kisingizio. Mtu mwenye tandiko baya huongeza mto mmoja juu ya mwingine, na kila anapoongeza anajiona mwema zaidi, huku farasi akibanwa zaidi. Wakati mwingine jibu la kweli si mto. Jibu ni kubadili tandiko, kupunguza mzigo, au kumpumzisha mnyama mpaka kidonda kipone. Kule Lamu, ambako punda ndio usafiri wa mizigo katika vichochoro vya mji mkongwe, kuna kituo cha kutibu punda kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika moja la Uingereza. Ni kazi nzuri. Lakini punda aliyetibiwa asubuhi akabebeshwa mchanga jioni juu ya kidonda kilekile hajasaidiwa. Dawa inamhitaji mwenye punda akubali kupoteza siku chache za kipato. Wema usiogusa mzigo una mpaka wake.

Nikiyaandika haya siwezi kuacha kufikiria tunapoishi. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Kila msaada unaoletwa hapa, uwe darasa, zahanati au fedha za chakula, ni mto. Sisemi hivyo kwa dharau. Mimi mwenyewe nisingesoma bila mto huo. Ila anayechagua mto haulalii, kwa hiyo anadaiwa kusoma jasho: aje baada ya kazi, aangalie ni wapi palipo pakavu. Na sisi si farasi. Sisi tunaweza kusema mahali panapobana, na anayetusaidia ana wepesi ambao mchunga ng'ombe hana: anaweza kuuliza. Akishauliza, ajiandae kusikia kwamba pengine si mto unaobana bali tandiko lenyewe, yaani sheria inayoamua tuishi wapi na tufanye kazi gani.

Lakini itakuwa rahisi mno kumaliza kwa kuwanyoshea wengine kidole. Katika nyumba zetu wenyewe kuna migongo tunayoipakia bila kuitazama. Karibu kila familia ina binti mkubwa anayeamka kabla ya wote, akapanga foleni ya maji, akabeba mdogo wake mgongoni na ndoo kichwani, kisha akaenda shule akiwa ameshachoka. Tunamsifu kwamba ni mvumilivu. Sifa hiyo ni mto wa rangi nzuri: inatupendeza sisi tunaoitoa. Siku akijibu kwa hasira tunasema ameharibika, ana kiburi, kama vile farasi aliyelaza masikio anavyoitwa mkorofi. Tunaodaiwa na mgongo wake ni sisi, baba, mama, kaka na shangazi, maana ndoo ile tuliipandisha sisi.

Kwa hiyo mimi naikataa methali ile inaposemwa na mwenye mzigo. Punda akiisema mwenyewe, ni ushujaa, na nitamheshimu. Mwenye mzigo akiisema, ni kukataa deni. Mtu akiniambia kwamba anamjali mnyama wake, mfanyakazi wake au binti yake, sitauliza alinunua mto wa bei gani. Nitamwomba avue tandiko mchana kweupe, kazi ikiwa imekwisha, tuutazame mgongo pamoja. Tukikuta kidonda, sitamwambia aongeze mto. Nitamwomba ashike ncha moja ya mzigo, nami nishike nyingine, tuushushe kwanza, halafu ndipo tuzungumze namna utakavyofika.