Kijani Nyuma ya Mtoto

Mwishoni mwa mwaka 1888, mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alimchora Marcelle, binti wa rafiki yake Joseph Roulin, mfanyakazi wa posta. Mtoto huyo alizaliwa Julai mwaka huohuo. Mashavu yamejaa, nguo nyeupe, macho wazi. Nyuma yake hakuna ukuta wala dirisha: ni kijani tupu.

Kijani hicho kinatoka wapi? Kiswahili kina mazoea ya kuipa rangi mwenyewe: kijani ni cha jani, kijivu cha jivu, manjano ni bizari, samawati ni mbingu. Van Gogh aliikata kamba hiyo. Rangi yake haina mwenyewe ila hisia. Katika picha nyingine, Marcelle amepakatwa na mama yake, Augustine, na nyuma yao pametanda manjano.

Hapo ndipo rangi inapogusa imani. Wachoraji wa kale waliwawekea watakatifu duara la nuru kichwani. Van Gogh, mtoto wa mchungaji, ambaye naye aliwahi kuhubiri, alimwandikia ndugu yake Theo kwamba anataka kuonyesha umilele kwa mng'ao wa rangi zenyewe badala ya duara hilo.

Je, hisia imo ndani ya rangi, au huletwa na mtazamaji? Pengine vyote viwili, ingawa jibu hilo ni la mkwepaji. Ziba mandhari ya nyuma kwa kiganja, kisha mtazame tena Marcelle: uso ni uleule, lakini utulivu umepungua.