Bawa Kuukuu na Mrukaji Mpya

Je, msomaji, mtu ambaye hajapata kuruka hata mara moja aweza kuyaweka maisha yake juu ya bawa kuukuu lililokwisha kutumiwa na mwingine? Swali hili laonekana dogo, tena la watu wachache, lakini nakuomba usilipite upesi. Ndani yake mna swali jingine: ni nani awezaye kujua kuwa kitu ni salama, na ajuaye ana deni gani kwa asiyejua?

Bawa ninalolisema ni chombo kisicho na injini. Mifupa yake ni mabomba ya alumini, mishipa yake ni nyaya za chuma, na ngozi yake ni tanga la kitambaa cha poliesta. Mrukaji huning'inia chini yake kwa mikanda, akashika fimbo iliyo mbele yake, akapiga mbio kuteremka mlima hata upepo umchukue. Hana usukani, huliongoza bawa kwa kuusogeza mwili wake. Akiivuta fimbo, pua ya bawa huinama na mwendo huzidi. Akiisukuma, pua huinuka na mwendo hupungua. Kwetu Kenya, wale wanaojirusha kutoka Iten juu ya Bonde la Kerio wakining'inia chini ya miavuli yao mipana hutumia ndugu wa chombo hiki asiye na mifupa.

Watu wengi husema kuwa hapana ubaya kununua kitu kilichotumika, nami nakubali. Baiskeli kuukuu imempeleka shule mtoto wa maskini miaka mingi. Lakini mnyororo wa baiskeli ukikatika, mpandaji hushuka akaikokota. Angani hakuna kushuka na kukokota.

Walakini hukosea adhaniye kuwa ukuukuu ni hesabu ya miaka tu. Sikiliza habari za Percy Pilcher wa Uingereza. Mtu huyu alijifunza kwa Otto Lilienthal, yule Mjerumani aliyeruka yapata mara 2,000 kabla ya kuanguka na kufa mwezi wa Agosti 1896. Mwaka ule ule Pilcher alijiundia bawa aliloliita Hawk, yaani mwewe. Tarehe 30 Septemba 1899 wageni walikusanyika Stanford Hall kutazama chombo chake kipya chenye injini. Injini ilikuwa imeharibika, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Pilcher hakutaka wageni waondoke mikono mitupu, akaruka kwa Hawk. Kipande kimoja cha mkia kilivunjika hewani, akaanguka kutoka kimo cha mita kumi hivi, na siku mbili baadaye akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 32.

Bawa lile lilikuwa na miaka mitatu tu, na mrukaji hakuwa mgeni wa kazi: alikuwa ndiye mwenye kuliunda. Kilichovunjika kilikuwa kitu kidogo. Nathubutu kusema kuwa haya ya kuwavunja moyo wageni nayo ilichangia.

Liko na bawa lililozeeka bila kutumika. Mwaka 1948 Francis Rogallo na mkewe Gertrude, wa Marekani, walibuni bawa laini la kitambaa mfano wa tiara ya watoto. Na mwaka 1963 John Dickenson wa Australia akaunda la namna hiyo ambalo mtu aliweza kuning'inia na kuliongoza kwa fimbo. Miaka ya 1970 ilipofika vijana wengi walikuwa wakiruka, na wengi walikufa. Mabawa yale ya kwanza yalikuwa na aibu moja ya siri. Mabaharia wetu wajua kuwa jahazi likielekezwa vibaya kwenye upepo, tanga hupwaya na kupigapiga, na chombo hukosa nguvu. Bawa lile nalo, pua ikiinama kupita kiasi, tanga lilipwaya. Likaanguka kichwa chini, na mrukaji hakuweza kuliinua tena hata angefanya nini. Baadaye waundaji waligundua namna ya kuuinua ukingo wa nyuma wa tanga kwa kamba na vijiti, ili bawa lijiinue lenyewe, na vyama vyao vikaanza kuzijaribu aina za mabawa kabla hazijauzwa. Basi bawa la mwaka 1974 lililolala ndani ya mfuko wake tangu siku hiyo laweza kung'aa kama sarafu mpya, na bado likawa kuukuu kwa maarifa.

Fundi ajuaye hulikaguaje? Hulitazama kila bomba kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa, akitafuta mpindo. Hutoa tanga na kuchungulia ndani ya mabomba, kwa sababu hewa ya chumvi hula alumini mahali pasipoonekana. Huzikagua nyaya karibu na viungo, ambapo uzi mmoja mmoja hukatika kwanza. Huvuta mshono kwa ncha ya sindano, maana jua huozesha nyuzi ilhali rangi ya tanga yapendeza machoni. Kisha huuliza jambo ambalo mwanagenzi halimjii moyoni: bawa hili liliundwa kwa ajili ya nani? Yako mabawa ya mashindano, ya kasi na makali, ambayo hata yakiwa mapya humuua asiyeyazoea.

Hapa ndipo penye fundo. Ili kulijua bawa salama yapasa kuwa na maarifa ya mrukaji. Na maarifa hayo hayapatikani ila kwa kuruka na bawa salama. Mwanagenzi hawezi kulifungua fundo hili peke yake, hata awe na akili za kushinda darasa zima. Hapana budi aazime macho ya mtu mwingine, na mtu huyo asiwe ndiye muuzaji.

Iko kanuni ya kale ya soko isemayo kuwa mnunuzi na ajihadhari. Kwa chungu cha kupikia ni kanuni nzuri. Mnunuzi hukigonga akasikia mlio wake. Lakini atajihadharije mtu na kitu asichoweza kukigonga? Muuzaji anyamazaye huku akijua kuwa mbele yake yuko mwanagenzi hakusema uongo hata neno moja, na mimi nasema amedanganya. Yule asemaye, "Sikulikagua miaka sita, wala sijui," ni mwaminifu kuliko yeye, ijapokuwa hajui kitu.

Utaniambia, msomaji, kuwa kijana maskini hana fedha za bawa jipya, na kwamba nataka anga liwe la matajiri. La. Fedha chache alizo nazo na azipeleke kwanza kwa mwalimu mwenye mabawa ya polepole ya kujifunzia, kwenye mteremko mfupi. Lilienthal mwenyewe, mwaka 1894, alijijengea kilima cha mita 15 tu karibu na Berlin kwa mazoezi. Akiisha kufuzu, kijana huyo ataweza kununua bawa lililotumika kwa bei ndogo, akiwa na fundi ubavuni.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo hunisumbua zaidi. Tuseme kijana amekwisha nunua, kwa akiba yake yote, na fundi amemwambia kuwa bawa limeoza. Mji wa pili yuko kijana mwingine anayelitaka, wala haulizi kitu. Wako warukaji ambao, wakifikwa na hayo, huchukua kisu wakalipasua tanga kutoka pua hata ncha, asije mtu yeyote akaruka nalo. Kisha mabomba wakawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, wakapata senti chache. Fedha yote iliyosalia ni hasara yao.