Shika Nyundo Siku ya Kwanza

Wajukuu wangu wa Kaswanga, Wanyama, Kamasengre na Waware, nanyi wa Mbita mnaovuka daraja kuja kwetu, nasikia baadhi yenu mnaulizia mahali pa kujifunza uhunzi. Habari hiyo imenifurahisha mno. Kwa muda mrefu kijana wa kisiwa chetu cha Rusinga akiulizwa atafanya kazi gani, jibu lake lilikuwa moja kati ya mawili: ziwa au bodaboda. Ziwa limelemewa na wavuvi, na pikipiki zimejaa kila njia panda zikingoja abiria mmoja. Kazi ya tatu inahitajika. Basi nisikilizeni kidogo kabla hamjatoa ada.

Tafuteni mwalimu atakayewapa nyundo siku ya kwanza. Najua wazee wenzangu watanipinga hapa. Wao wamezoea kwamba mwanagenzi huanza kwa kufagia karakana, kuchota maji, kuvuta mivukuto na kumletea fundi chai, na mwaka unakwisha hajagusa chuma cha moto. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Uhunzi katika nchi hizi ulikuwa mali ya ukoo. Kule Samia, mpakani na Uganda, palikuwa na koo zilizosifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma ya vilima vyao na kufua majembe. Majembe yale yaliuzwa mbali, yakafika hata kwetu Wajaluo, na zamani jembe la chuma lilihesabiwa katika mahari. Ng'ambo ya ziwa, huko Buhaya, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000. Elimu ya thamani namna hiyo haikugawiwa ovyo. Baba alimfundisha mwanawe polepole, na mgeni alibaki nje. Katika jamii nyingi mwanamke hakuruhusiwa hata kulisogelea tanuri.

Leo mlango uko wazi. Darasa humpokea yeyote, awe wa ukoo gani. Kwa hiyo msione haya kwamba hakuna mhunzi kwenu, na binti akitaka kujiunga, asizuiwe na mwiko ambao sisi wazee wenyewe hatuwezi kueleza unalinda nini. Nyundo ya kuanzia ina uzito wa gramu 800 hadi kilo moja. Msichana anayepandisha ndoo ya maji kutoka ziwani hadi nyumbani ana mkono wa kuimudu, tena nimeona wasichana wakijifunza haraka kwa sababu hawana haraka ya kuonyesha nguvu.

Wengine mtaambiwa nendeni Kamukunji, Nairobi. Ni mahali pa heshima. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wale waliokuwa wakigonga chuma juani, akaahidi kuwajengea mabanda, na tangu hapo serikali ikaanza kuwatazama watu wa jua kali kwa jicho jingine. Lakini kazi kubwa ya pale ni bati: masanduku, majiko, makarai, toroli. Bati hupigwa likiwa baridi. Kwenye vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo zamani tuliviita politekniki za vijiji, somo la chuma huwa zaidi ni kuchomelea. Jifunzeni hayo pia, yana mkate. Ila kuchomelea huunganisha vipande viwili, na uhunzi hukibadilisha kipande kimoja umbo na tabia. Kabla ya kulipa, ingia karakana uangalie kwa macho yako. Tanuri liko wapi? Fuawe ziko ngapi, na wanafunzi wangapi? Wakiwa kumi kwa fuawe moja, utalipa ada ya mtazamaji. Darasa la watu wawili watatu kwa fundi mwenye kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo ni bora kuliko hilo. Reli yenyewe ifike usawa wa vifundo vya ngumi yako ukiwa umesimama na mkono umeuning'iniza. Ikiwa chini ya hapo mgongo utakuuma, na ikiwa juu bega litachoka mapema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo video za simuni haziwezi kuwapa, nalo ni moto. Mhunzi husoma joto kwa rangi. Chuma huanza kwa wekundu wa giza, kikawa chekundu cha damu, kikaingia rangi ya chungwa, kisha njano. Kwenye chungwa na njano ndipo kinapokubali nyundo. Kikirudi kwenye wekundu wa giza, acha kupiga, ukirudishe motoni, kwa maana ukilazimisha kitapasuka. Kikizidi njano na kuanza kurusha cheche nyeupe, kimeungua. Sehemu hiyo haiponi, ikate uitupe. Rangi hizi hujifunzi kwa kuambiwa. Mama zenu hujua mafuta yameiva kwa mbuta bila kipimo chochote, kwa sababu wamesimama mbele ya karai mara nyingi. Nanyi simameni.

Na hapa kisiwani kuna jambo la kuangalia sana. Jua letu la saa sita hudanganya. Chuma cha rangi ya chungwa ukikitoa kwenye mwanga ule huonekana kama hakijapata moto, nawe utakirudisha tanurini mpaka kiungue. Fanyeni kazi chini ya paa, kwenye kivuli kizito, na kwa anayeanza asubuhi ndiyo nzuri zaidi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kupeperusha cheche. Tena miti yetu imekwisha. Ukitoa chuma tanurini, simamisha feni au mivukuto hapo hapo. Makaa yanayoungua bila chuma ndani yake ni mti uliokatwa bure.

Kazi ya kwanza iwe msumari mrefu wa nondo. Si kisu. Vijana wote hutaka kisu, na mwalimu anayewakubalia siku ya kwanza anawafurahisha tu. Chukua nondo, tia moto urefu wa kidole, na ncha uifue iwe ya pande nne kwanza. Piga, geuza robo, piga, geuza robo. Ikishachongoka katika pembe nne, zipige pembe ziwe nane, ndipo uiviringishe. Anayekimbilia mviringo tangu mwanzo huona ncha inapasuka katikati na kufunguka. Nyundo ishike kwa kulegeza, iinuke yenyewe baada ya pigo. Rudia mpaka misumari ifanane. Hapo mwili umeanza kuelewa.

Kisha fua kitu ambacho mtu wa hapa Rusinga atakinunua. Waunda mitumbwi wetu wanahitaji patasi butu ya kukalafati, ile ya kusukumia pamba kati ya mbao. Nondo inatosha kwa hiyo, kwani haihitaji makali. Mpelekee fundi wa mitumbwi, umwache aitumie siku nzima, urudi umsikilize. Atakwambia mdomo ni mpana mno, au mpini unamuumiza kiganja. Maneno hayo yana thamani kuliko sifa za mwalimu wako. Ukimaliza hapo, tazama kusini. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo hugonga mwamba kwa patasi, na patasi hubutuka. Anayejua kuinoa kwa moto hakosi kazi.

Lakini patasi ya mwamba ni somo la pili, kwa kuwa lazima iwe ngumu, na nondo ya kawaida haigumuki vya kutosha. Tafuta springi ya gari iliyotupwa. Ukishaifua, ipashe moto polepole, na uwe na sumaku uliyotoa kwenye spika mbovu ya redio. Karibu nyuzi 770 za Selsiasi chuma huacha kuvutwa na sumaku. Kizidishe kidogo tu juu ya hapo, kisha uchovye ncha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Maji huipasua springi. Sasa ncha ni ngumu lakini inavunjika upesi, kwa hiyo isugue kwa msasa mpaka ing'ae, ipashe joto kwa nyuma, utazame rangi zikitambaa kuelekea kwenye makali: kwanza ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau. Zambarau ikifika kwenye makali, zima. Ni sekunde chache, na mwanafunzi aliyeinua macho kumjibu rafiki yake ataikosa.

Kuhusu mwili wenu sitabembeleza. Vaeni pamba, si nailoni, ambayo huyeyuka na kugandia ngozi. Viatu vya ngozi, suruali ifunike viatu, miwani kila mara. Chuma kilichopoteza wekundu ndicho huwaunguza wengi, kwa sababu bado kina joto la mamia ya nyuzi na hakionyeshi. Kabla ya kukishika, pitisha nyuma ya kiganja juu yake bila kukigusa. Ukiungua, weka kidonda chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa. Bomba la maji na bati lenye ngozi ya zinki lisiingie tanurini kamwe. Moshi wake mweupe huleta homa na kubana kifua usiku ule ule.

Cheti nacho kina faida. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, hutoa mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia III hadi I, na anayeomba kazi kwa mkandarasi ataulizwa. Fanyeni mtihani wa kuchomelea mkiwa tayari, ila msiache tanuri kwa sababu mmepata karatasi.

Wakati mzuri wa kuanza ni miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa, kwa kawaida Aprili hadi Julai, mikono ikiwa haina kazi na nyavu zimekunjwa. Anzeni kuweka akiba ya ada sasa. Asiyeweza kuitimiza aje aniambie mapema, kabla ya Aprili, tukae na baba yake na mwenye karakana tupange alipe kwa awamu. Aje na mwenzake mmoja, maana wanaoanza wawili wawili, mmoja akishika koleo na mwenziwe nyundo, hawaachi masomo kwa urahisi.