Muhogo Haungoji

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania, wapo wakulima walioamkia shamba lililolala chini. Namuwaza mama aliyesimama pale, kanga imelowa, matope hadi vifundoni. Mgomba umeanguka na mkungu wake mchanga. Shinani chipukizi limesimama, jani lake bado limejiviringisha. Hilo litamlisha mwakani. Leo shughuli ni muhogo. Ukikaa kwenye maji huoza ardhini, na ukishang'olewa huharibika ndani ya siku 2 au 3. Lazima umenywe, ukatwe, uanikwe uwe makopa. Na jua lenyewe, jamani, halijatoka. Mikono miwili haitoshi. Jirani yako akipatwa na dhoruba, usimpelekee pole tupu. Nenda na kisu.