Kutenda na Kutendua: Maamuzi ya Nyongeza katika Mwendelezo wa Dragon Age

Gemu ya kuigiza wahusika humpa mchezaji kitu ambacho kitabu na filamu havimpi: uamuzi. Mji uokolewe au uachwe, adui asamehewe au auawe, mkimbizi apewe hifadhi au akabidhiwe kwa wanaomsaka, yote yamo mikononi mwake. Gemu ikiisha, maamuzi hayo hubaki kama alama ndani ya faili lililohifadhiwa: ndiyo au hapana, moja au sifuri. Kisha huja nyongeza, yaani sehemu mpya ya hadithi inayouzwa baada ya gemu yenyewe, nayo huleta maamuzi yake. Mwendelezo unapotoka, waandishi wake hulazimika kuamua ni yapi kati ya hayo yote yahesabiwe kuwa yalitokea. Hapo suala la ufundi hukutana na swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili: je, lililokwisha kutendwa laweza kufanywa kuwa halikutendwa?

Mfano mzuri wa jambo hili ni mfululizo wa Dragon Age, uliotengenezwa na BioWare, studio ya mjini Edmonton, Kanada. Dragon Age: Origins ilitoka Novemba 2009; nyongeza yake kubwa, Awakening, ikafuata Machi 2010, na Dragon Age II ikaja Machi 2011. Katika Awakening mchezaji ni Kamanda wa Grey Wardens, kikosi kilichoapa kupambana na viumbe waovu watokao chini ya ardhi, na makao yake ni ngome ya Vigil's Keep. Karibu na mwisho Kamanda anafika Amaranthine na kuukuta mji umevamiwa. Papo hapo anapata habari kwamba jeshi jingine la viumbe hao linaelekea ngomeni. Hawezi kuwa mahali pawili. Akiuchoma moto mji pamoja na waliokwama ndani, atawahi kuilinda ngome. Akibaki kuupigania mji, ngome itajitetea yenyewe, na wenzake aliowaacha huko watapona au watakufa kwa kutegemea mambo aliyoyafanya saa nyingi nyuma: kama alitafuta mawe na fedha za kuimarisha kuta, kama aliwapatia askari silaha za maana au aliwaacha na walizokuwa nazo.

Ni mara chache gemu huunganisha uzembe mdogo na msiba mkubwa kwa uadilifu kiasi hiki. Aliyepuuza kuta hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na shughuli nyingine. Lakini rafiki yake amekufa, na hakuna wa kumlaumu zaidi ya nafsi yake.

Miongoni mwa wanaoweza kufia ngomeni ni Anders, tabibu mwenye nguvu za uchawi. Tena Kamanda anaweza, mwanzoni kabisa, kukataa kumwandikisha kikosini na kumwacha achukuliwe na askari wa dini waliokuwa wakimwinda. Mwaka mmoja baadaye, katika Dragon Age II, Anders yuko katika mji wa Kirkwall, anawatibu maskini, na anajulikana kuwa aliwahi kuwa Grey Warden. Yuko hai kwa mchezaji aliyejenga kuta na yuko hai kwa yule ambaye hakuongeza hata jiwe moja. Yuko huru kwa aliyemkabidhi. Mwishoni mwa hadithi ndiye anayelipua hekalu kuu la mji na kuwasha vita ambavyo matokeo yake yanatawala nusu ya Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014. Hadithi ilimhitaji, naye akarudi.

Mwenzake Nathaniel Howe alitendewa tofauti. Kama alinusurika katika Awakening, hutokea Dragon Age II katika safari moja ya chini ya ardhi. Kama alikufa, hatokei. Kifo chake kiliheshimiwa kwa sababu hakuna jambo kubwa lililomtegemea. Kwa upande mwingine, uamuzi uliokuwa kilele cha Awakening nzima, yaani kumuua au kumwacha hai kiumbe aitwaye Architect aliyedai kuwa anaweza kuwapa viumbe wa chini akili huru, haukujengewa kitu katika gemu mbili zilizofuata. Na katika Witch Hunt, nyongeza ndogo ya Septemba 2010, mchezaji anaweza kumchoma kisu Morrigan, mchawi aliyekuwa mwenzake wa safari katika Origins; Inquisition inamleta Morrigan mzima, na nafasi yake katika hadithi ni kubwa. Kanuni inayojitokeza inasikitisha: kadiri mhusika anavyokuwa na uzito katika yajayo, ndivyo tendo la mchezaji juu yake linavyohesabika kidogo.

Sababu za kiufundi si siri. Maamuzi kumi ya ndiyo na hapana huzaa hali 1,024 za ulimwengu. Maamuzi ishirini huzaa 1,048,576. Kila tofauti inayoonekana hudai kuandikwa, kuigizwa kwa sauti na kujaribiwa. Nyongeza ina udhaifu wake wa ziada, kwamba si kila aliyenunua gemu alinunua na nyongeza yake, hivyo mwendelezo hauwezi kuegemea jambo ambalo wachezaji wengi hawakulipitia. Kwa asiyekuwa na faili la zamani, Dragon Age II ilitoa historia tatu zilizokwisha tungwa, achague moja, na mojawapo ni ya shujaa aliyekufa vitani. Hata hivyo, kueleza kwa nini jambo limefanyika si kueleza maana yake.

Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, anasema hakuna anayeshauriana juu ya yaliyopita, kwa kuwa yaliyotokea hayawezi kuwa hayakutokea, na anamtaja mtunzi Agathon aliyesema kwamba uwezo huo hata Mungu hana. Katika karne ya 11, Petro Damiani alimwandikia Desiderio, abate wa Monte Cassino, kuhusu kauli ya Jeromu kwamba Mungu hawezi kumrudishia ubikira aliyeupoteza. Damiani hakupenda kusikia neno "hawezi" likitajwa pamoja na Mungu, akaufikisha mjadala hadi kuuliza iwapo Mungu angeweza kufanya Roma isiwe imewahi kuwako. Thoma wa Akwino, karne mbili baadaye, alijibu kwa utulivu zaidi: yaliyopita kutokuwa yamepita ni mgongano wa maneno, na mgongano wa maneno si kitu ambacho uwezo wowote ungeweza kukifanya. Imamu Ghazali alikuwa ameweka msingi unaofanana na huo alipowajibu wanafalsafa, kwamba uwezo wa Mungu hauhusiani na muhali, na kulithibitisha jambo na kulikanusha kwa pamoja ni muhali.

Kwa mtazamo wa haraka, mwandishi wa mwendelezo anaonekana kuwa na uwezo uleule ambao wanazuoni hao waliuona muhali. Anders alikufa, Anders hakufa. Lakini ukitazama kwa makini, mwandishi hajatendua kitu. Kifo cha Anders katika Vigil's Keep ya mchezaji fulani kilitokea na kitabaki kimetokea, hata faili lake likifutwa. Alichofanya mwandishi ni kuumba ulimwengu wa pili ambamo kifo hicho hakikuwahi kuwako, kisha akaupa jina la ule wa kwanza na kumwomba mchezaji auone kuwa ndio uleule. Kilichokatika ni uzi unaounganisha nchi mbili zenye jina moja. Zamani zenyewe hazijaguswa. Mchezaji anayelalamika kwamba uamuzi wake "umefutwa" analalamikia jambo la kweli, ila hilo si jina lake. Hadithi yake imehamishiwa mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

Waandishi wa mfululizo mwingine, The Elder Scrolls, walichukua njia ya ujasiri zaidi. Daggerfall ya mwaka 1996 ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana, na ilipofika zamu ya kueleza upi ulikuwa wa kweli, michezo iliyofuata ilisema yote: wakati ulivunjika katika eneo hilo, na mambo yasiyoweza kwenda pamoja yakatokea pamoja. Ni muhali uliogeuzwa kuwa itikadi ya ulimwengu huo. Hakuna mchezaji aliyeambiwa kuwa hakutenda. Lakini ushindi wa mmoja unapokuwa kweli sambamba na ushindi wa adui yake, ni vigumu kusema mmoja wao alishinda nini.

Linabaki swali zito zaidi: tendo ambalo ulimwengu hautalikumbuka lina thamani gani? Anayepima matendo kwa matokeo ataona kuta zilizojengwa bure. Lakini lugha ya Kiswahili imejaa hekima inayopinga kipimo hicho. Tenda wema nenda zako, na wema hauozi, ni maneno ya watu waliojua kwamba mtendaji mara nyingi hayaoni matunda, na waliokataa kulifanya hilo kuwa hoja dhidi ya kutenda. Katika Uislamu tendo hupimwa kwa nia. Kant naye, kutoka upande mwingine kabisa, aliona kwamba utashi mwema haupungukiwi chochote hata usipofanikisha kitu. Mchezaji aliyesimama mbele ya lango la Amaranthine, kidole kikisita juu ya jibu, alikuwa mtu fulani katika dakika ile. Dragon Age II haiwezi kuigusa dakika hiyo.

Kisa cha Leliana, ingawa ni cha gemu yenyewe na si cha nyongeza, kinaonyesha pale utetezi huu unapofika ukomo. Katika Origins mchezaji anaweza kuyanajisi majivu matakatifu ya Andraste, nabii wa dini ya ulimwengu huo, na mwenzake Leliana, muumini wa dhati, anaweza kuuawa kwa kusimama kuyatetea. Kiswahili kina neno moja kwa anayeona na anayekufa kwa ajili ya imani: shahidi. Kifo cha namna hiyo kina maana kwa sababu ni ushuhuda usioweza kurudishwa nyuma. Leliana anarudi katika Dragon Age II, na katika Inquisition ni mmoja wa washauri wakuu. Hapa kinachoumia si hisia za mchezaji tu. Aliyenajisi amepunguziwa uovu wake, na aliyekufa amenyang'anywa ushahidi wake. Dini nazo hufundisha kufutiwa dhambi, lakini toba ni jambo jingine kabisa. Anayetubu hukiri kwanza kwamba alitenda, na msamaha hauna pa kushika kama hakuna kilichotendwa. Kumrudisha Leliana ni kumnyima muuaji wake hata nafasi ya kutubu.

Mwaka 2014 BioWare ilijaribu dawa. Inquisition ilijengwa juu ya injini mpya, na mashine mpya za kuchezea hazikuweza kusoma mafaili ya zile za zamani. Ikaanzishwa huduma ya mtandaoni iitwayo Dragon Age Keep. Ndani yake historia yote imepangwa kama zulia la ukutani lenye vipande vya picha, kila kipande uamuzi mmoja, yakiwemo maamuzi ya nyongeza. Mchezaji hugusa kipande na kuchagua: Nathaniel yu hai, au amekufa. Akiridhika, zulia lote hutumwa Inquisition, na ulimwengu hujipanga kulingana nalo.

Keep ilikuwa kazi ya upendo, na ilihifadhi mambo mengi ambayo yangepotea. Ila ilibadilisha asili ya kumbukumbu. Haikusoma faili la zamani wala haikudai uthibitisho. Aliyeuchoma mji aliweza kuandika kwamba aliuokoa, na ambaye hakuwahi kucheza Awakening aliweza kujaza kurasa zake zote kwa dakika chache. Waislamu hufundishwa juu ya Rakibu na Atidi, malaika wanaoandika mema na mabaya ya kila mtu. Wakristo husoma katika Ufunuo juu ya vitabu vitakavyofunguliwa siku ya mwisho. Katika mapokeo yote mawili mtendaji hashiki kalamu. Sababu yake si kwamba Mungu anaweza kusahau. Mwanadamu akiachiwa daftari lake mwenyewe huandika mtu ambaye angependa kuwa, na Keep ilimpa daftari hilo waziwazi. Kwa wengi ilikuwa njia ya kukumbuka kwa uaminifu. Kwa wengine ilikuwa njia ya kurekebisha waliyoyajutia, na ulimwengu uliopokea maandishi hayo haukuweza kuwatofautisha.

Dragon Age: The Veilguard, iliyotoka tarehe 31 Oktoba 2024, iliiacha Keep kabisa. Mchezaji anapomtengeneza mhusika wake huulizwa mambo matatu tu kutoka Inquisition: Inquisitor, yaani mhusika mkuu wa gemu hiyo, alimpenda nani, je, jeshi la Inquisition lilivunjwa au lilibaki, na je, aliapa kumzuia Solas, mwenzake wa zamani, au kujaribu kumwokoa. Amaranthine, Architect, Morrigan na mwanawe, nani alipanda kiti cha juu cha dini, hakuna hata kimoja kinachoulizwa. Lakini mawili kati ya hayo matatu hayatoki katika gemu yenyewe. Yanatoka Trespasser, nyongeza ya Septemba 2015, ambayo hadithi yake iliishia palepale Veilguard ilipohitaji kuanzia. Sehemu iliyouzwa kando, ambayo kwa desturi ndiyo ya kwanza kusahauliwa, safari hii ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kilichokumbukwa.

Trespasser haikutolewa kwa PlayStation 3 wala Xbox 360, ingawa Inquisition ilichezwa kwenye mashine zote mbili. Aliyeimaliza humo hakufika kamwe kwenye baraza la Halamshiral ambako jeshi hilo lilivunjwa au kuokolewa, wala hakusimama mbele ya Solas kumwapia chochote. Miaka kumi baadaye aliulizwa alichoamua siku hiyo, na kati ya majibu aliyowekewa halikuwemo la kusema kwamba hakuwako.