Jani Lililoanguka ni Mali ya Nani?

Swali tunalotaka kulizungumza ni dogo kwa sura: jani likianguka kutoka mtini, ni mali ya nani? Huenda msomaji akatushangaa na kusema kwamba jani kavu halina mwenyewe wala thamani. Hata hivyo, sisi walimu hulijibu swali hili kila siku ya shule bila kulitamka. Katika shule nyingi za Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, siku huanza kwa ufagio. Watoto hufagia chini ya miembe, mifenesi na mivule, majani hukusanywa lundo moja nyuma ya madarasa, kisha hutiwa moto. Kengele ya somo la kwanza inapolia, moshi ungali ukipaa. Kwa tendo hilo tumekwisha kutoa jibu letu: jani lililoanguka si mali ya yeyote, ni taka. Makala haya yanakusudia kulipima jibu hilo kwa mizani ya haki.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Tope lililoganda katika shati jeupe ni uchafu, kwa sababu limeiharibu nguo. Jani halikuharibu kitu. Tunaliita taka kwa kuwa tu hatulihitaji wakati ule. Kwa hiyo neno hili halituambii jani ni kitu gani. Latuambia sisi tunalionaje. Walakini lugha yetu haikukosa maneno yenye haki zaidi. Majani yakitandazwa juu ya ardhi ili isikauke, huitwa matandazo. Yakivunda yakawa udongo mweusi mwororo, huitwa mboji. Mavi ya ng'ombe na mbuzi yaliyooza ni samadi, nayo nguvu ya ardhi ya kuotesha ni rutuba. Mwanafunzi akijifunza maneno haya manne darasani, kisha akatoka nje akaamriwa kuchoma kile kile kinachozaa mboji, amefundishwa mambo mawili yanayopingana. Nasi twajua kwamba tendo hufundisha kuliko ubao.

Sasa tutazame jani lilikotoka. Mti hufyonza ardhini nitrojeni, fosforasi, potasiamu na kalsiamu, ukavipandisha mpaka katika majani, ambako chakula chake hutengenezwa kwa nuru ya jua. Jani linapozeeka, mti hujirudishia sehemu ya nitrojeni na fosforasi kabla ya kuliachia. Kilichosalia huanguka nalo. Hapo huja mchwa, jongoo, nyungunyungu, kuvu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakalisaga hata mali ile ikarudi ilikotolewa. Msitu hautiwi mbolea na mtu, lakini haufi njaa, kwa sababu hurudisha unachokopa. Jani likichomwa, karibu kaboni yote na sehemu kubwa ya nitrojeni hupotea pamoja na moshi. Jivu hubaki na potasiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo, nalo likiachwa wazi huchukuliwa na upepo na mvua. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Hapana shaka walikuwa wakifikiria ghala. Akiba ya ardhi ina desturi nyingine: isipooza, haiwi akiba.

Lau ardhi yetu ingekuwa tajiri, mazungumzo haya yangekuwa ya kupitisha wakati tu. Sivyo ilivyo. Mashamba mengi ya Busia na Tororo yamelimwa mfululizo kwa mahindi, mtama, wimbi na mihogo. Vipande vimepungua kwa kugawanywa baina ya warithi, hata kuipumzisha ardhi msimu mmoja kumekuwa anasa. Kila gunia linalotoka shambani limebeba sehemu ya ardhi ile. Dalili ya uchovu huo ni kiduha, gugu lenye maua ya rangi ya waridi ambalo Wajaluo huliita kayongo. Gugu hili hujishikiza katika mizizi ya mahindi na mtama likainyonya, na hustawi hasa palipo na udongo dhaifu. Mkulima akiliona huweza kudhani kwamba shamba lake limelaaniwa. Shamba halikulaaniwa, linadai, na dawa ya deni ni kulipa.

Fikira hii ya deni si ya kwetu peke yetu. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, tangu mwaka 1924 hadi 1931, alitengeneza huko njia ya kuozesha majani, mabua na samadi kwa utaratibu maalumu. Katika kitabu chake, An Agricultural Testament, kilichotoka mwaka 1940, alishikilia kwamba kitokacho ardhini sharti kirejee ardhini. Wala hakudai kuwa hekima hiyo ilizaliwa kwake. Aliwahesabu wakulima wa kawaida wa India kuwa walimu wake.

Yapo mapingamizi, na haifai kuyapuuza. La kwanza ni la usafi. Mzazi atasema kwamba nyoka na nge hujificha katika majani, na kwamba kiwanja cha shule si mahali pa kuyaacha yatapakae. Asema kweli. Njia na viwanja wanamochezea watoto sharti vifagiliwe. Lakini ufagio na kiberiti si kitu kimoja. Ufagio huliondoa jani mahali lisipofaa. Kiberiti huliondoa duniani. Twautetea ufagio na kukikataa kiberiti. Tena hatumsemi kwa ubaya mama anayeokota majani makavu ili awashie jiko kwa kukosa kuni. Yeye ana haja, na haja yake ni chakula cha wanawe. Tunayemhoji ni yule anayechoma bila haja yoyote, kwa mazoea tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo laturudisha kwenye swali letu. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi Maseno na sehemu nyingine za magharibi ya Kenya walichunguza alizeti-mwitu, kile kichaka cha maua ya manjano chenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambacho kwetu huota kandokando ya barabara na kupandwa kuwa ua. Waliona kwamba majani yake mabichi huoza upesi, na kwamba katika kila kilo 100 za majani hayo yakishakaushwa mna takriban kilo 3.5 za nitrojeni na kilo 4 za potasiamu, ingawa fosforasi haifiki nusu kilo. Wakulima wakayakata, wakayabeba, wakayafukia katika bustani za sukuma wiki. Mboga zikanawiri. Lakini ile ardhi ya kandokando ya barabara ilipata nini? Nikikata ua wangu, nimetoa mfuko wa kulia nikatia wa kushoto. Nikikata wa jirani, nimejitajirisha kwa mali ya mwingine, hata kama mwenyewe hakujua kuwa ni mali. Kujua peke yangu thamani ya kitu hakunipi ruhusa ya kukichukua. Kwanza kunanipa wajibu wa kumwambia mwenzangu.

Jani halitambui ua, wala halitambui mpaka wa nchi. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao iliyokuja kuwa Kenya, na mstari ule ukawapitia katikati Wateso na Wasamia. Leo Busia ni mji mmoja wenye bendera mbili. Jani la mwembe huvuka pale kwa upepo bila kuonyesha kitambulisho. Udongo nao husafiri: ule unaoingia katika Mto Sio huelekea Ziwa Viktoria, na ule unaoingia katika Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga. Uchi wa ardhi ya jirani hautamwacha salama aliye bondeni, awe raia wa nchi hii au ile. Kwa sababu hiyo twaona kwamba jani ni amana. Mwenyewe wa kwanza ni ardhi iliyolikopesha. Binadamu ni mchukuzi, na haki ya mchukuzi ni kufikisha. Anayechukua kwa mwingine hana budi kuomba, na kulipa kwa kupanda alipokata, au kwa kumgawia jirani sehemu ya mboga.

Pingamizi la tatu latoka kwa wanaotusadiki mno. Hao husema kwamba majani yatosha, na kwamba mbolea ya dukani ni ya kutupwa. Hapa yatupasa tuwe wakweli. Mti uliokua katika udongo wenye upungufu wa fosforasi hauwezi kurudisha fosforasi ambayo haukuipata. Ajabu ni kwamba milima ya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, ina mawe yenye fosfati; mbolea ilipata kutengenezwa Tororo katika miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 2018 kiwanda kipya kikafunguliwa Sukulu. Anayesema mboji yatosha kwa kila shamba anampotosha maskini, na anayesema mbolea ya dukani yatosha anampotosha vilevile, maana udongo usio na mboji haushiki maji wala hauihifadhi vema mbolea iliyonunuliwa kwa taabu. Deni la ardhi lina sehemu nyingi. Majani hulipa sehemu moja, nayo ndiyo isiyohitaji fedha.

Basi tufanyeje? Kiangazi cha Desemba hadi Februari, majani yanapoanguka kwa wingi, na yakusanywe mahali penye kivuli. Chini yatangulizwe mabua ili hewa ipite; juu yake tabaka la majani makavu, la majani mabichi, la samadi, kisha udongo kidogo na jivu, na kila tabaka linyunyiziwe maji. Majani ya mwembe ni magumu, yafaa yakatwekatwe; ya mkaratusi yawe machache. Kiduha chenye mbegu kisitiwe kamwe. Fimbo ichomekwe katikati: ikichomolewa baada ya siku chache ikiwa na joto na unyevu, kazi yaendelea, ikiwa kavu, maji yaongezwe. Lundo lipinduliwe kila baada ya wiki tatu hivi, na kwa kadiri ya miezi mitatu mboji itakuwa tayari. Majani makavu yasifukiwe moja kwa moja penye mimea michanga, kwa kuwa vijidudu vinavyoyaozesha huinyang'anya mimea nitrojeni kwa muda.

Lililobaki ni la walimu. Katika shule nyingi kazi ya bustani imekuwa adhabu: aliyechelewa hupewa jembe, aliyewahi hupewa kitabu. Mtoto anayelelewa hivyo hujifunza kwamba ardhi ni aibu ya wakosaji. Vilabu vya 4K, ambavyo jina lao ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilizinduliwa upya mwaka 2021. Ni vema tuyazingatie maneno hayo kwa mpangilio wake: kuungana kwanza, ndipo kufanya. Mwalimu na ashike reki pamoja na wanafunzi, na mtoto aliyefagia jani aione siku ile jani lilipogeuka mchicha, na aonje mchicha wenyewe. Akiulizwa hapo jani lililoanguka ni mali ya nani, hatahitaji kukaririshwa jibu.