Malaika Alianza na Mkate

Ndugu zangu, nabii Eliya alikuwa mkimbizi. Malkia Yezebeli alikuwa ameapa kumuua, naye akatoroka, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Huko akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondoe duniani. Someni Wafalme wa Kwanza sura ya 19 muone alivyotibiwa. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa, akamwamsha ale mkate. Akala, akanywa, akalala, akaamshwa tena, akala tena. Kisha akatembea siku 40 hadi Horebu. Huko ndiko Mungu alikosema naye, mwili ukiwa umekwisha kuinuka.

Sasa twendeni Kakuma. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa maelfu. Leo inabeba watu zaidi ya laki mbili. Wapo waliozaliwa humo, wakakua humo, wakazaa humo. Akishachukua mgao wa chakula, kijana afanye nini hadi jioni? Kutoka kambini kunataka kibali, na kazi hana. Anakaa. Kukaa huko kunaua, ndugu zangu! Usiku anaiona tena nyumba yao ikiungua. Mchana ile hofu haina pa kutokea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopigwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Mmoja kati ya watano, na bado mpira wa kuwachezesha vijana hawa tunauita anasa!

Kiwanja ni tiba. Aliyekimbia na kutoka jasho hupata usingizi. Moyo wake hupata nguvu, presha na sukari hupungua makali. Anaitwa kwa jina lake, wala haulizwi namba ya kadi ya mgao. Mdinka na Mnuer, wa makabila yaliyofunzwa na vita kuogopana, wanapeana pasi kwa sababu bila pasi hakuna goli. Na kocha anayemwona mtoto mara tatu kwa wiki ndiye wa kwanza kugundua kwamba amekonda, kwamba ameacha kusema, kwamba juzi hakuja, na siku hiyohiyo atamshika mkono ampeleke kliniki.

Mnawajua wale wa Rio. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ilikuwa na wanamichezo 10, na watano walitoka Kakuma, walikotafutwa na Tegla Loroupe, mshindi wa marathoni ya New York ya 1994. Rose Nathike Lokonyen, aliyekimbia mchujo wa kambini bila viatu, aliibeba bendera yao. Katika mita 800 hakuvuka raundi ya kwanza. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize! Tukipanga michezo ya wakimbizi ili kuvuna nyota, tutachukua watano wenye mbio na kuwaacha laki mbili wamekaa. Michezo ya afya humtafuta yule asiyejua kucheza: mjane, mzee, aliyekatwa mguu, msichana anayechungulia uwanja kutoka mlangoni.

Na ifanywe kwa akili. Jua la Turkana halina huruma, kwa hiyo mazoezi yawe alfajiri au jioni, na maji yawepo kabla ya filimbi. Kumkimbiza mwenye njaa ni dhambi: mgao ukipunguzwa, na umepunguzwa mara nyingi, mazoezi yawe mepesi na uji utangulie. Malaika alianza na mkate. Wasichana wapewe saa yao, kocha mwanamke, mavazi ambayo mama zao wanayaridhia, na wafike nyumbani kabla ya giza. Wasipopewa hayo hawatakuja, na tutakuwa tumewachezesha wavulana peke yao. Makocha watoke kwa wakimbizi wenyewe, na walipwe. Nawasihi pia: msigawe jezi, mkapiga picha, mkaondoka. Mtoto aliyekwisha kuachwa na wengi huumia upya kocha naye akitoweka. Ni heri mpira mmoja kila Jumanne kwa miaka mitano kuliko tamasha la siku moja lenye vipaza sauti.

Ninyi wa Nairobi, msingoje safari ya Kakuma. Wakimbizi mnao Eastleigh. Viwanja vya makanisa na shule zenu vimefungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Vifungueni! Changeni mshahara wa mwaka mzima wa kocha mmoja mkimbizi, mumuulize yeye saa ipi inafaa na nani hajafikiwa. Wazee wa kanisa, amueni jambo hili katika kikao cha wiki hii, na funguo za geti akabidhiwe mtu atakayefika kila siku ya mazoezi.